Arusi ya Kana kwenye Ukuta wa Udongo

Saa kumi na robo alasiri, Jumamosi ya pili baada ya Pasaka, ukuta wa mbele wa kanisa letu ulianza kuachia. Nilikuwa kibandani kwangu ng'ambo ya barabara, nimeinamia redio ya mtu wa kijiji cha Petta, nikasikia sauti kama ya mtu anayechana nguo taratibu. Wanawake waliokuwa wakifagia kanisa kwa ajili ya Jumapili walitoka nje mbio. Mmoja akapiga yowe, mwingine akamwambia anyamaze, kisha wote wakasimama wameinua mikono, kama watu wanaotaka kuzuia kitu kisianguke lakini hawajui wakishike wapi.

Picha iliyokuwa ikianguka ilikuwa kazi ya Mwalimu wa Watoto. Ndivyo alivyoitwa na kila mtu, hata na wazee waliomzidi umri, kwa kuwa kwa zaidi ya miaka ishirini ndiye aliyewafundisha dini watoto wetu wote, na wengi wao sasa wana watoto wao. Mimi ni fundi redio na katibu wa kanisa. Muda wote huo kibanda changu kimetazamana na ukuta wake. Naandika yale niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe. Nisipojua, nitasema sijui.

Kanisa letu ni kigango kidogo upande wa Iyolwa, si mbali na Tororo: miti, fito, udongo, na bati juu. Padri huja mara moja kwa mwezi. Huku kwetu, Krismasi inapokaribia, wanawake hukandika nyumba upya. Huchanganya udongo na samadi ya ng'ombe na majivu, wakasiriba kuta kwa viganja, kisha wakatia mistari na maua kwa udongo wa rangi. Hakuna anayeona ajabu katika jambo hilo. Mwalimu alichofanya ni kuomba ukuta wa mbele wa kanisa uwe wake, na badala ya maua akaweka habari za Maandiko.

Kila Majilio, majuma yale ya kungoja Krismasi, alianza kwa kufuta. Alichukua ndoo ya udongo mpya, akaipaka picha ya mwaka uliopita mpaka ikatoweka yote, akaanza nyingine. Wageni waliokuta kazi hiyo walisikitika. Aliwahi kupita mwalimu wa sekondari kutoka Tororo, akamshika mkono wenye udongo.

"Mama, unaharibu nini hii? Hii ni mali!"

"Sio mali. Ni ya mwaka jana."

"Lakini ni nzuri!"

"Mimi najua iko nzuri. Mimi ndio nilifanya." Akaendelea kupaka.

Rangi zake zilikuwa chache. Nyekundu aliitoa kwenye vichuguu, nyeusi kwenye kinamasi, nyeupe kwenye ukingo wa mto, na ya manjano iliyofifia alitumiwa na dada yake aliyeolewa Mwello. Kijani alikipata kwa kusugua majani ya maharage, na kilikuwa cha kwanza kupauka. Hakutumia brashi. Alikuwa na vidole, kitambaa, na kijiti cha muhogo alichokitafuna ncha mpaka ikawa nyuzinyuzi. Kuku walimtesa. Walichakura sehemu ya chini ya ukuta, na mwaka mmoja walifuta miguu ya mitume watano. Aliwatupia viatu, tena kwa shabaha, na mara nyingi kiatu chake kilivuka barabara mpaka kwangu.

"Fundi, nirudishie silaha!"

Punda hakuweza kumchora. Alikuwa hajamwona punda kwa karibu, na alikataa kuchora kitu ambacho macho yake hayajakaa nacho. Ndiyo maana, mwaka wa habari za kukimbilia Misri, Yosefu alikuwa anaendesha baiskeli. Maria amekaa nyuma kwenye mto wa abiria, kiupandeupande kama mama zetu wanavyokaa wakienda Busia, na mtoto amefungwa kifuani. Nimetengeneza baiskeli kabla ya redio, na niliikagua ile: mnyororo ulipita mahali pake, na gurudumu la nyuma lilikuwa limebonyea kidogo kwa uzito wa watu wawili.

Watoto walimuuliza, "Mwalimu, baiskeli iko kweli ndani ya Maandiko?"

"Punda iko. Nyinyi mnapanda punda?"

"Hapana!"

"Basi nyamazeni, mtoto anakimbizwa na mfalme, hakuna nafasi ya kuuliza spea."

Alisimulia jinsi alivyochora, na sijui kipi kilitangulia. Kwake, safari ya Bethlehemu ilipitia Malaba, mji wetu wa mpakani. Gesti zote zimejaa madereva wa malori wanaongoja karatasi zao, wengine wamelala hadi barazani. Mwenye gesti ni mama mnene aliyechoka, miguu imevimba, na hakuwa mtu mbaya. Aliposema hana chumba alikuwa anasema kweli. Ila alipomwona Maria ameshika kiuno, alikumbuka kibanda cha mbuzi kule nyuma, akaenda mwenyewe kuwafukuza mbuzi kwa ufagio. Katika kusimulia, Mwalimu alikawia kwa huyo mama. Alitaka watoto wajue jinsi mama huyo alivyomwaza Maria usiku ule, kama aliweza kulala.

Mamajusi nao walifika mpakani. Hapo watoto walikuwa wanaijua sehemu yao, na mmoja alifanywa askari wa forodha.

"Mnabeba nini?"

"Dhahabu, uvumba na manemane."

"Mmelipa ushuru?"

"Bado, afande."

"Ni za biashara?"

"Ni za mtoto."

Hapo askari alitakiwa kunyamaza. Mwalimu hakuruhusu acheke wala aharakishe. Alitakiwa awatazame wale wazee watatu wenye vumbi, afikirie mtoto gani huyu, kisha ainue kizuizi. Mtoto aliyeshindwa kunyamaza vizuri alibadilishwa.

Padri mmoja aliyekuwa kijana alilikuta igizo hilo na halikumpendeza. Alimwita Mwalimu kando, lakini si mbali sana, nami nilikuwa kibandani nashona spika iliyochanika.

"Mwalimu, Maandiko hayasemi mamajusi waliulizwa ushuru."

"Ndiyo, padri."

"Sasa kwa nini unawafundisha watoto hivyo?"

"Padri, Matayo alikuwa anakaa forodhani. Maandiko yanasema. Huyo mtu namjua, nampitia kila siku ya soko. Kama sijamwonyesha mtoto huyo mtu, mtoto ataona Matayo ni jina tu."

Padri akasema atafikiri. Mwezi uliofuata alikuja mapema kuliko kawaida, akaketi kwenye benchi la nyuma, na askari alipokuwa ananyamaza nilimwona padri ameshika ukingo wa benchi kwa mikono miwili.

Isidhaniwe alikuwa mpole. Alikuwa mkali, na ukali wake ulikuja pale ambapo watu wengine hawaoni kosa. Mtoto akitazama ukuta na kusema "nzuri," aliitwa mbele.

"Nzuri wapi?"

"Yote, Mwalimu."

"Yote haina mahali. Niambie macho yako yalisimama wapi." Na mtoto hakurudi kukaa mpaka aende aguse: hapa, kwenye kidole cha huyu, hapa, kwenye mkia wa mbuzi. Nilimwona akimsimamisha msichana mmoja hivyo mpaka machozi yakamtoka. Nilidhani amezidi, na bado nadhani hivyo. Yule msichana, ambaye leo ana duka la vitambaa ng'ambo, upande wa Kenya, ananiambia mpaka sasa hawezi kununua jora bila kujiuliza swali hilo.

Na huyu mtu aliyewasumbua wenzake hivyo kuhusu uzuri, nyumba yake mwenyewe ilikuwa imejaa kalenda. Kalenda za saruji, za mbolea, za wauza magodoro, maua yasiyo na harufu, mito na maziwa ya barafu ya nchi nisizozijua. Nilimuuliza siku moja. Akacheka mpaka akakohoa.

"Fundi, wewe ukifika nyumbani unatengeneza redio?"

"Hapana."

"Basi."

Imani yake sikuwahi kuisikia akiieleza. Wakati wa sala alisinzia wazi, na alipoimba alitoka nje ya sauti. Lakini aliponyoosha udongo mweupe mahali pa mkate wa karamu ya mwisho, nilimwona amesita, akafuta mikono yake kwenye gauni kama mtu anayekaribia meza ya mwenzake.

Kuna jambo moja hakulifanya kamwe katika miaka hiyo: hakumpa mtu yeyote sura. Watu wake wote walikuwa na macho mawili na mstari wa mdomo, Petro na Yuda na malaika, sawasawa. Uliwatambua kwa mabega, kwa namna walivyosimama. Nilipomuuliza, alisema sura ni kazi ya Mungu na ya mama aliyezaa, na kwamba angeogopa kufuta sura mwaka ukigeuka.

Nafika sasa kwa binti yake.

Alikuwa na mtoto mmoja tu aliyebaki hai, binti wa makamo, mfanyabiashara wa dagaa na sabuni, wa kuvuka Malaba asubuhi na kurudi jioni. Alikuwa na mwanya, na shingo aliilaza kidogo kushoto, kwa mazoea ya kubeba. Kilemba chake alikifunga upande huohuo. Alimtania mama yake mbele za watu, kitu ambacho hakuna mwingine aliyethubutu.

"Mama, huyu malaika wako anaumwa tumbo?"

"Anapiga magoti."

"Aaa. Mimi nilisema amekula kitu ya Malaba."

Aliugua akiwa sokoni huko, akalazwa, na kabla ya Jumapili nyingine tulimzika. Mkoba wake ulipotea siku ile alipoanguka, na ndani yake kitambulisho. Hiyo ndiyo ilikuwa picha pekee aliyowahi kupigwa. Tulitafuta. Nilienda mwenyewe Malaba mara mbili kuuliza wanawake waliouza naye, na kila mmoja alisema alimwona mwingine ameushika ule mkoba.

Majilio ya mwaka huo tulidhani Mwalimu hatakuja. Alikuja. Alifuta ukuta kama kawaida, akachora arusi ya Kana, na alifanya kazi bila watoto, jambo ambalo halijawahi kutokea. Kamati ilimwambia apumzike. Akasema akipumzika atalala, na akilala ataamka.

Alipomaliza tulisimama barabarani tukatazama. Kwenye arusi ile kuna meza, kuna bwana arusi mwenye mabega ya kijana aliyekopa koti, kuna Yesu ameketi pembeni na watu wa kawaida, wote macho mawili na mstari. Kati yao, akiwa amebeba mtungi, yupo mwanamke mwenye mwanya. Shingo yake imelala kushoto. Wengine wote wanamtazama Yesu au wanatazama chakula. Yeye ametutazama sisi tuliokuwa barabarani, mdomo wazi kidogo, kama mtu anayetaka kusema neno la mzaha kabla hajautua mtungi.

Mama mmoja wa jirani akasema polepole, "Ni yeye." Mwalimu akaosha mikono kwenye ndoo, akaenda nyumbani.

Tangu siku hiyo alikaa mbele ya ukuta kila alasiri. Watoto walifundishwa hapo hapo. Aliacha kuwauliza macho yao yalisimama wapi. Baada ya Krismasi nilianza kuona kinachomsumbua, naye hakukificha. Mvua za Kwaresima huwa zinapiga upande ule. Kila mwaka, ikifika Pasaka, picha imelowa, imepauka, na hilo halikuwahi kumsumbua; aliwaambia watoto kwamba picha nayo inafunga. Sasa alikuja na gunia akalitundika juu ya mwanamke wa mtungi kila wingu lilipojikusanya. Na hata kama mvua ingemwacha, Majilio yangekuja, na mkono wa kumfuta ungekuwa wake.

"Mwaka huu unaweza kuacha," nilimwambia.

"Nikiacha, mwaka unaofuata nitaacha tena. Ukuta utabomoka akiwa juu yake." Akatazama viganja vyake. "Nilikuwa nawaambia watu waachie vitu. Nilikuwa nasema tu, fundi."

Mwenyekiti wa kamati yetu ana duka la vifaa vya ujenzi Busia, upande wa Kenya, na anampenda Mwalimu kama mama, alifundishwa naye. Yeye ndiye aliyeleta wazo la vanishi. Ndiyo hiyo wanayopaka kwenye milango na viti ili maji yasiingie. Alilieleza mbele ya kamati na mbele ya Mwalimu mwenyewe.

"Mama, hii kitu inakauka kama kioo. Mvua inateleza tu. Unamwona mtu wako mpaka wajukuu wetu wazeeke."

"Haitambadilisha rangi?"

"Itamng'arisha. Atakuwa fiti kabisa, kama ameenda saluni."

Mwalimu alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi. Akasema, "Alikuwa anapenda saluni, huyo," na hapo shauri likakatwa, kamati ikatoa pesa za makopo. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua zaidi. Kuta zetu zote hukandikwa kwa udongo na kuachwa. Hakuna aliyewahi kuzifunika kwa kitu cha dukani, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kutuambia. Vijana walipaka wiki moja kabla ya Kwaresima, tabaka juu ya tabaka, na Mwalimu akiwaelekeza wapite polepole kwenye mtungi. Ilipokauka, arusi nzima iling'aa. Nyekundu ya kichuguu ikawa kama nyama mbichi. Mwalimu alipitisha kiganja kwenye shavu la binti yake, akakirudisha, akakitazama: hakikushika rangi yoyote. Alirudi nyumbani akitembea kama mtu aliyelipiwa deni.

Mvua zilikuja kwa wakati wake, na kwa mbele, kweli, maji yaliteleza. Lakini udongo wa kanisa letu umekaa juu ya ardhi, na ardhi inapolewa maji, ukuta nao unakunywa kwa chini. Miaka yote unyevu huo ulitoka kwa mbele na jua likauchukua. Safari hii ulifika kwenye vanishi ukakosa njia. Karibu na Pasaka tuliona malengelenge karibu na sakafu. Mwenyekiti alisema ni joto. Tukakubali, maana tulitaka iwe joto.

Basi Jumamosi ile, saa kumi na robo, kipande cha kwanza kilichanika kuanzia chini. Nilivuka barabara. Ukuta ulikuwa unajivua kama gome la mti, vipande vipana, na kila kipande kilibeba watu wake. Bwana arusi alienda, meza ikaenda. Kipande chenye mwanamke wa mtungi kilikuja kizima, kikainama polepole, kikalala chini kifudifudi. Tulidhani tumebahatika. Wanawake wakaleta mkeka, tukapitisha mikono chini yake watu sita, tukahesabu, tukainua. Kwa nyuma udongo ulikuwa uji. Ulipita katikati ya vidole vyetu wote kwa pamoja, na mikononi tukabaki na ngozi ya vanishi, nyembamba, yenye madoa mekundu yasiyofanana na mtu.

Mwalimu alikuwa ameitwa. Alifika tukiwa bado tumeshika ile ngozi, hatujui tuiweke wapi. Alitutazama mmoja mmoja, akatazama fito za ukuta zilizobaki wazi.

"Mmekula?" akauliza.

Tukaitua ile ngozi kwenye mkeka.

"Tangu asubuhi mnafagia. Mmekula?"

Kisha akachukua ufagio kwa mama aliyekuwa karibu, akafagia udongo ule mwenyewe mpaka kwenye shimo la takataka, kwa sababu kesho yake ilikuwa Jumapili. Tulipotaka kumsaidia alitikisa kichwa.

Ukuta huo haukushika tena. Wanawake walijaribu kuukandika Majilio yaliyofuata, lakini palipobaki vanishi udongo uliteleza. Mwalimu hakuja kuwaonyesha. Watoto sasa wanafundishwa na kijana mmoja mwema, kwa kitabu.

Nilimtembelea mara ya mwisho Januari, mchana, baada ya kazi kupungua. Alikuwa uani anabangua karanga, amekonda, na alinikaribisha kwa maneno yote yanayostahili. Aliuliza habari za mke wangu na za mguu wangu. Kisha akaingia ndani, akatoka na simu ndogo ya vibonye iliyofungwa kwenye leso.

"Ilikuwa ya kwake. Siku ile alikuwa ameiacha hapa, haikuwa na chaji. Fundi, fungua uangalie kama yuko ndani."

Niliigeuza. Ilikuwa simu ya kupiga na tochi, basi. "Mwalimu, hii haina kamera."

"Najua haina. Wewe fungua."

Niliifungua, kwa kuwa alinitaka. Nikatoa betri, nikapuliza vumbi, nikamwonyesha. Alitazama ndani kwa makini kama alivyokuwa akitazama kila kitu, sehemu moja kisha nyingine. Nikairudishia kifuniko.

"Zamani nilikuwa nikifumba macho ananijia," alisema. "Akiwa anatembea, akiwa ananicheka. Halafu nikamchora. Nikawa nikifumba macho inakuja ile ya ukutani, amesimama na mtungi. Ile ikaanguka." Akachukua karanga, akaibangua. "Sasa nikimtafuta naona fito."

Nami nikachukua karanga, nikabangua. Hatimaye nikakumbuka ujumbe niliopewa: mwenyekiti amemsalimu, na kuna kopo moja la vanishi ambalo halikufunguliwa, amelirudisha kwa muuzaji wake wa jumla, na kamati inamwomba Mwalimu aseme pesa hizo zitumike wapi.

"Walirudisha zote?"

"Walikata kidogo, za usafiri."

"Ikabaki ngapi?"

"Shilingi elfu moja na mia nane," nikamwambia, "za Kenya."